Kitanda cha Mzaituni

Wasomaji wengi wa Odyssey, utenzi wa Wayunani wa kale unaohesabiwa kuwa kazi ya Homer, humlaumu Penelope kwa jambo moja. Mumewe, Odysseus, amerudi kisiwani Ithaca baada ya miaka 20: miaka 10 vitani Troy, na 10 njiani. Amewaua waposaji zaidi ya 100 waliokuwa wakila mali yake. Mlezi wake mzee amelitambua kovu la pajani. Lakini mke ameketi kimya upande wa pili wa moto, hata mwanawe Telemachus amkaripia kwa ugumu wa moyo.

Lawama hii siikubali. Mwanamke huyu ndiye aliyefuma sanda ya mkwewe mchana na kuifumua usiku, miaka 3, ili asiolewe na mwingine. Mtu wa namna hiyo hakosi mapenzi. Achelealo ni kudanganywa. Aliyeondoka alikuwa kijana. Huyu aliye mbele yake ni mtu mzima aliyevaa matambara. Na kovu? Hata wachungaji wameonyeshwa. Yeye ataka alama ijulikanayo na wao wawili.

Basi amwagiza mlezi akitoe nje kitanda cha bwana, amtandikie mgeni. Odysseus ashikwa na hasira: nani amekiondoa? Kitanda hicho alikiunda mwenyewe, na nguzo yake moja ni shina la mzaituni lenye mizizi ardhini. Ndipo Penelope anapomkumbatia akilia. Tazama ustadi wa mshairi: mjanja aliyewahadaa watu na majitu ahadaiwa na mkewe, na hadaa hiyo ndiyo imrudishiayo nyumba yake.

Dosari naiona penginepo. Odysseus alikaa miaka 7 kwa Calypso na mwaka mzima kwa Circe. Usiku ule amsimulia mkewe hila za Circe, lakini kitanda cha Circe hakitaji. Wala mshairi haoni kuwa pana deni. Laiti Penelope angalifanya vivyo hivyo, sidhani kama angalisifiwa.

Hata hivyo, jambo moja Odysseus halifichi. Kabla hawajalala amwambia kuwa safari nyingine yamngoja: atatwaa kasia begani, aende bara mpaka kwa watu wasioijua bahari. Penelope halii. Ataka kuelezwa habari za safari hiyo sasa hivi, usiku huo huo.