Ada ya Msanifu na Kuta za Butaro

Msanifu majengo anayelipwa kwa asilimia ya gharama za ujenzi ana jambo asilopenda kulitaja mbele ya mteja: akipunguza gharama, anajipunguzia riziki. Akihangaika wiki tatu kutafuta jiwe la karibu badala ya kuagiza vifaa kutoka mbali, kazi imeongezeka na ada imeshuka. Kwa sababu hiyo, hospitali ya Butaro kaskazini mwa Rwanda inafaa kuangaliwa kwa jicho la mhasibu, si la mpiga picha tu.

Ilifunguliwa Januari 2011 wilayani Burera, matokeo ya ubia kati ya Wizara ya Afya ya Rwanda na shirika la Partners In Health. Wasanifu walikuwa MASS Design Group, iliyoanza 2008 chini ya Michael Murphy na Alan Ricks, wakati huo wangali wanafunzi wa Harvard. Kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano ya ukanda wa Virunga, yale yale yanayomsumbua mkulima jembe linapoyagonga. Korido zimetolewa nje, na wodini kuna madirisha mapana na feni kubwa, ili hewa isituame na kueneza kifua kikuu.

Nani alipe muda wa kulifikiria jiwe hilo na kuwafundisha waashi kulichonga? Ada ya asilimia haina fungu la namna hiyo. MASS walijisajili Marekani kama shirika lisilogawa faida, hivyo wakaweza kupokea michango pamoja na ada. Fedha za wafadhili hubeba yale ambayo mteja maskini hawezi kuyalipia: utafiti kabla ya mchoro, mafunzo, na kurudi kuona jengo linavyotumika. Mwaka 2022 chama cha wasanifu cha Marekani, AIA, kikawapa tuzo yake ya ofisi bora.

Lakini kwangu mimi, lililo zito zaidi ni watu. Christian Benimana, Mnyarwanda, alikwenda kusomea usanifu Shanghai kwa kuwa nyumbani hapakuwa na chuo cha fani hiyo. Baadaye akaiongoza ofisi ya MASS mjini Kigali, na kupitia programu yao ya mafunzo, African Design Centre, vijana wa kundi la kwanza wakakabidhiwa kazi halisi: shule ya msingi Ruhehe, Musanze, iliyokamilika 2018. Linganisha na ofisi zetu nyingi, ambako kijana huchora vyoo na ngazi miaka mitano bila kujua mradi umeingiza shilingi ngapi. Siku bosi akistaafu, ofisi nayo inastaafu.

Mfumo huu una ufa wake. Mfadhili akibadili nia, utafiti unasimama, na ofisi ya Kisumu au Dodoma haina mfadhili wa kumpigia simu. Hata hivyo, kutenga ada ya utafiti na ada ya michoro hakuhitaji mfadhili, wala kuyapa mafunzo ya mafundi mstari wake katika mchanganuo wa gharama.

Kama unaendesha ofisi ya watu wanne, kwenye mradi ujao nenda na kijana wako katika kikao cha kujadili ada. Akae, asikilize, kisha ankara ya kwanza aiandike yeye.