Filamu ya Mgeni wa Siku Mbili

Kuonyeshana picha ni adabu ya zamani miongoni mwa marafiki, na adabu hiyo ina neno lake moja: nzuri. Mtu arejeaye safarini hutandaza picha zake mezani, wenziwe huzipokezana mkono kwa mkono, na kila moja hutupiwa neno hilo kama senti itupwavyo kwa mwombaji na mtu aliye na haraka ya kupita. Mwenye picha huridhika, wenziwe huona wametimiza wajibu, na picha hurudishwa katika bahasha pasipo kutazamwa. Shairi lina bahati kuliko hiyo. Mizani ikipungua au kina kikipotea, hakosekani mtu wa kuinua kidole, hata kama mshairi ni mkubwa wake. Picha haijapata watu wa namna hiyo, au inao, nao wamenyamaza kwa kuchelea kuitwa wakorofi.

Suala hili lingekuwa dogo kama filamu ingalikufa kabisa, kama ilivyodhaniwa mwanzoni mwa karne hii, kamera za elektroniki na baadaye simu zilipoenea. Haikufa. Wamo tena vijana, wengine wao wanafunzi, waendao mwisho wa juma katika mji wasioujua, kamera kuukuu ya baba au ya babu shingoni na filamu moja mfukoni. Filamu ya kawaida ya milimita 35 ina nafasi 36. Mwenye simu aweza kupiga picha elfu kati ya Ijumaa na Jumapili asijue amepiga nini. Mwenye filamu moja ana nafasi 18 kwa siku, na kila moja ina gharama ya kununuliwa, ya kusafishwa na ya kuchapwa. Fauka ya hayo, haoni alichokipata mpaka amekwisha kuondoka mjini, wala hawezi kurudia. Na picha zake hufuatana katika utepe mmoja, zimetiwa namba ukingoni, kwa hiyo hapana awezaye kuzipangua pasipo mkasi. Utepe huo ni shahidi. Husema mgeni alianza wapi, alisita mbele ya nini, na wapi alipita mbio.

Mji ufaao kwa mfano ni Unguja, maana waendewa mno kwa ziara fupi kutoka Dar es Salaam. Boti ziendazo kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Mtu aweza kulala Ijumaa Mji Mkongwe na kuwa darasani Jumatatu. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Methali hiyo hutajwa kwa ajili ya wavivu, lakini ina maana nyingine kwa mpiga picha. Katika siku mbili za kwanza mgeni hupikiwa, hutandikiwa, huketishwa sebuleni. Jikoni hapelekwi, shambani hapelekwi, na ugomvi wa nyumba huahirishwa mpaka aondoke. Basi picha za siku mbili ni picha za sebule. Mgeni halaumiwi kwa kutolijua jiko. Hulaumiwa apigapo picha ya sebule akaiita nyumba. Wala kijana wa bara asidhani kwamba Kiswahili chake kimemwondolea ugeni. Lugha humfungulia mlango wa salamu, na mlango wa pili una ufunguo mwingine.

Milango na itangulie, kwa kuwa ni nadra kuona filamu ya Mji Mkongwe isiyo na mlango. Ipo milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, ipo yenye tao juu yake na nakshi zenye asili ya Bara Hindi, ipo yenye misumari mikubwa ya shaba. Mlango ni rafiki wa mpiga picha mwoga. Hautikisiki, haukasiriki, haudai ruhusa, na mistari yake iliyonyooka humpangia picha asiyejua kupanga. Mezani husifiwa sana: tazama maua yale, tazama mnyororo ule uliochongwa kuzunguka fremu. Sifa zote hizo ni za seremala. Mpiga picha amekuwa karani wa kunakili, na kunakili si dhambi, ila karani asilipwe ujira wa mtunzi. Lipo jaribio jepesi la kuwatenga wawili hao. Nakshi na iondolewe katika picha kwa fikira, kisha kitazamwe kilichosalia. Pengine pamesalia kandambili zilizovuliwa kizingitini, waya wa umeme uliopigiliwa juu ya ua la seremala, kibao cha nyumba ya wageni mahali palipokuwa pa familia. Hapo mpiga picha ameona jambo kwa macho yake. Mara nyingi hapasalii kitu.

Vichochoro vina shida yao, na hapa uhakiki sharti ushuke katika ufundi, jambo ambalo wanafunzi wa fasihi hulikwepa. Nyumba za Mji Mkongwe ni ndefu na zimekaribiana, hata kivuli hukaa njiani kutwa. Saa sita mchana ukanda wa mbingu huwaka juu, kipande cha ukuta hupigwa na jua, na chini mzee huketi barazani katika kiza cha ubaridi. Jicho la binadamu huvipokea vyote, filamu haiwezi. Apimaye mwanga kwa mbingu humpoteza mzee, na apimaye kwa mzee huichoma mbingu ikawa karatasi tupu. Hapana budi kuchagua, au kungoja jua literemke. Wengi hawachagui wala hawangoji. Huiachia kamera, na mzee hutoka kama kivuli cheusi kisicho na uso. Kisha picha huonyeshwa, na mtu mmoja mwema husema kwamba ina fumbo. Fumbo halimo. Lililomo ni kosa la kupima mwanga, nalo lina maana yake: kati ya mbingu na mtu, shauri liliachiwa chombo, na chombo kikachagua mbingu.

Wapo pia wasafishao filamu zao wenyewe, nao hukutana na tatizo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia upesi. Muda wa kusafisha picha nyeusi na nyeupe hukadiriwa kwa dawa yenye joto la digrii 20, na maji ya mfereji ya pwani huzidi hapo karibu mwaka mzima. Asiyeyapoza maji au kupunguza dakika hupata picha kali, nyeupe kupindukia na nyeusi kupindukia, akadhani kwamba ndilo jua la Unguja lilivyo.

Jioni kamera zote huwa Forodhani. Vijana hujirusha baharini kutoka ukutani, jua linazama nyuma yao, na mwili hunaswa hewani miguu juu, kichwa chini. Picha hii imepigwa mara nyingi hata imekuwa kama salamu, ambayo huitikiwa pasipo kusikilizwa. Watetezi wake humtaja Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyetukuza ile nukta ambayo mambo yote hukutana. Walakini kitabu chake cha mwaka 1952 kina majina mawili. Kwa Kifaransa kiliitwa Images à la sauvette, na maneno hayo ya mwisho husemwa juu ya mchuuzi asiye na leseni, auzaye upesi upesi huku jicho moja likimtafuta polisi. Jina la Kiingereza likasema mambo mengine kabisa, likatangaza dakika ya kukata shauri. Badiliko hilo limewadhuru wengi, maana lilimvika machinga joho la kadhi. Mgeni wa siku mbili afadhali alishike lile la Kifaransa. Huko Forodhani amechopoa kitu na kuondoka, na picha yake ingekuwa na uzito zaidi kama ingebakiza alama ya uchopoaji huo: kijana mwingine ukutani anayeigeukia kamera kwa dharau, mgeni wa pili mwenye kamera yake, mkono unaodai malipo. Vitu hivyo ndivyo vikatwavyo ukingoni wakati wa kuchapa, ili picha iwe safi.

Kundi zito kuliko yote ni la picha za migongo. Mwanamke wa buibui aenda zake kichochoroni, naye amepigwa kwa nyuma. Mgeni hupiga mgongo kwa heshima au kwa hofu, na katika picha mambo hayo mawili hufanana mno. Lakini mwenye heshima angaliuliza, na alipokataliwa asingalipiga hata mgongo. Mji huo huo una mapokeo mengine ya picha, ambayo wageni huyapita wakienda kutafuta milango. Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaipokea kazi hiyo. Studioni mtu huja kwa miguu yake, amevaa alichopenda kuvaa, huketi, hulipa, na picha huwa mali yake. Studio ina uongo wake, uongo wa pazia na wa kidevu kilichoinuliwa kidogo. Lakini ni uongo ambao apigwaye picha ameshauriwa. Mwenye kupigwa mgongo hakushauriwa katika ukweli wake.

Hapo uhakiki wa mezani hupatwa na aibu ambayo haijijui. Watu wema hujadili mstari wa bega na jinsi weusi wa vazi unavyopatana na weupe wa chokaa, na mtu mmoja aliye na haki ya kwanza ya kusema hayumo chumbani wala hana habari kwamba anasemwa. Kabla ya mstari na chokaa lipo swali la kumwuliza mwenye picha: mama huyo angeingia sasa hivi, picha ingeachwa mezani au ingefunikwa kwa kiganja? Swali hili halimalizi hukumu ya sanaa, maana zipo picha bora zilizopigwa pasipo ridhaa na zipo mbovu zilizopigwa kwa ridhaa tele. Ila asiyeliuliza amekubali kwamba wenyeji wa mji ni sehemu ya kuta zake.

Yote hayo hayaonekani katika picha tano teule ambazo desturi hutaka ziletwe. Karatasi moja yenye picha zote 36, ndogo kama zilivyo na kwa taratibu ya kufuatana kwake, ndiyo iletwayo na mtu atakaye kusomwa kwa haki. Robert Frank, mzaliwa wa Uswisi, alizunguka Marekani mwaka 1955 na 1956, akapiga picha zaidi ya 27,000. Katika kitabu kilichotoka Paris mwaka 1958 akatia 83 tu. Kilipotolewa Marekani mwaka 1959 wengi walimkaripia, wakamwona mgeni asiyewapenda wenyeji wake. Mwaka 2009, karatasi zake za picha ndogo zilipoonyeshwa pamoja na zile 83, wanafunzi wa sanaa hiyo waliweza kuona ni mangapi yaliyokataliwa ili machache yasimame. Mgeni wa Unguja hana picha elfu 27 wala miaka miwili, lakini karatasi yake husomeka vivyo hivyo. Mathalani, namba 1 hadi 9 zaweza kuwa za mbali, matanga na mapaa; 10 hadi 19, kuta na milango; kisha namba 22 uso wa kwanza umetokea, umetikisika kidogo, unacheka au unauliza. Hakika hapo mtu amesogea hatua mbili na kusema neno. Picha hiyo haiingii katika zile tano, kwa kuwa imetikisika, nayo huenda ndiyo pekee iliyopigwa katika mji wenyewe.

Imo pia picha nyingine ambayo karibu kila filamu ya Unguja hubeba na karibu kila meza huikataa: Beit al-Ajaib, imepigwa kwa mbele, wima, bila kivuli cha kupendeza, mfano wa kadi ya posta. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883. Mnara wake ulikuwa peke yake mbele ya jumba mpaka mizinga ya Waingereza ilipoupiga tarehe 27 Agosti 1896. Mnara uliofuata ukaunganishwa na uso wa jumba, na habari hiyo watu huisoma leo katika picha za zamani zilizopigwa wima vivyo hivyo, pasipo madaha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba ikaporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo zile picha za machweo, ambazo jumba lilikuwa weusi tu nyuma ya mwanamaji mmoja, zimebaki na uzuri wao, wala hazina la kumwambia mtu juu ya jumba. Ile ya kadi ya posta inaonyesha safu za nguzo, roshani, saa, na mahali chokaa ilipoanza kubanduka. Zimo bila shaka katika bahasha za wageni wengi waliopita Forodhani kabla ya mwaka huo, chini ya zile tano teule, na nyingi hazikuandikwa tarehe nyuma.