Siku namba 2 ilipofuta nakala

Skripti ya kwanza niliyomwandikia mhasibu wa duka moja la vifaa vya ujenzi ilikuwa na menyu ya machaguo matatu: 1 kunakili mafaili ya mauzo kwenye diski ya nje, 2 kufuta nakala za zamani, 3 kutoka. Nilitumia echo kuonyesha orodha, read kupokea jibu na case kuamua la kufanya. Baadaye akaomba awe anaona nafasi iliyobaki kwenye diski. Nikachomeka chaguo hilo katikati ya orodha, nikapanga namba upya kwenye echo, kwenye case nikasahau. Kesho yake alibonyeza 2 ili aangalie nafasi. Nakala za zamani zote zikafutika.

Kosa lilikuwa langu, na mzizi wake ni kwamba menyu ile niliiandika mara mbili: orodha anayoisoma mtu, na orodha inayofuatwa na kompyuta. Hakuna kilichozifunga pamoja. Safari ya pili nilitumia select, ambayo Bash iliirithi kutoka KornShell, kazi ya David Korn wa Bell Labs:

    #!/bin/bash
    PS3="Andika namba: "
    select kazi in "Nakili" "Angalia nafasi" "Futa za zamani" "Toka"
    do
      case $kazi in
        "Nakili") nakili ;;
        "Angalia nafasi") df -h ;;
        "Futa za zamani") futa ;;
        "Toka") break ;;
        *) echo "Hakuna chaguo $REPLY." ;;
      esac
      REPLY=
    done

Tafuta namba humo, huzioni. Bash inazihesabu yenyewe wakati wa kuonyesha orodha, na case inalinganisha maneno. Ukichomeka chaguo jipya popote, namba zinasogea bila kazi kuhama. Hata hivyo, kidole cha mtu kina kumbukumbu yake. Aliyezoea kwamba 1 ni kunakili usimhamishie. Chaguo jipya liwekwe chini, juu kidogo ya Toka.

Angalia pia kwamba jibu linahifadhiwa sehemu mbili. REPLY hubeba kile kile alichoandika mtu, na kazi hubeba maneno ya chaguo lenyewe. Akiandika 9, au “nakili” kwa herufi, kazi inabaki tupu, REPLY inabaki na alichoandika, nasi tunamrudishia alichokosea badala ya kumwambia tu kwamba amekosea.

Mstari wa REPLY= pale chini unaonekana hauna maana, lakini bila huo Bash haionyeshi orodha tena baada ya kazi kuisha; inauliza namba tu hadi mtu abonyeze Enter bila kuandika kitu. Majibu ya df yakishaisukuma menyu juu ya kioo, mhasibu atabaki anakisia.

Skripti ya zamani ilikuwa na ugonjwa mwingine. Mtu akibonyeza Ctrl na D, read inashindwa, kitanzi cha while kinachoirudia menyu hakijui, basi kinasema “chaguo si sahihi” na kuuliza tena badala ya kutoka. Kwenye select, Ctrl na D inatoka kwenye menyu. Anayebaki na read aandike “read jibu || break”.

Na mstari wa kwanza, #!/bin/bash, usiuguse. Debian na Ubuntu hutumia dash kama /bin/sh, na dash haina select; ukiubadilisha uwe #!/bin/sh, au ukiita “sh menyu.sh”, skripti itagoma ikifika kwenye do.

Kufuta nilikuwekea mlango wa pili. Ndani ya futa, ambayo kama nakili ni fanksheni inayoandikwa juu ya menyu, skripti kwanza inaorodhesha mafaili yatakayoondoka pamoja na tarehe zake, kisha inasubiri neno FUTA liandikwe lote kwa herufi kubwa. Nilikataa kutumia “n” ya ndiyo, kwa sababu ni herufi moja tu, na mkono wenye haraka unaibonyeza kabla macho hayajamaliza kusoma tarehe.