Foleni Ilivyotengeneza Barafu

Jumanne, Januari 28, 2014, jiji la Atlanta kusini mwa Marekani liliangukiwa na theluji isiyofika sentimita 7. Kina hicho hakifiki hata kwenye kifundo cha mguu. Hata hivyo, madereva walilala ndani ya magari yao, wanafunzi zaidi ya 2,000 walikesha shuleni, na mtoto mmoja alizaliwa kwenye barabara ya mzunguko, Interstate 285. Wengi waliwacheka watu wa kusini kwamba hawajui kuendesha kwenye theluji. Naona waliwaonea. Kilichowaponza ni saa waliyoondokea.

Theluji ilianza kushika barabara mchana. Ofisi, shule na maduka vikafungwa karibu kwa wakati mmoja, na jiji zima likaingia barabarani. Foleni ikasimama. Theluji laini ikakandamizwa na tairi, ikayeyushwa kidogo na joto la magari, kisha ikaganda tena kwa kuwa hewa ilikuwa chini ya nyuzi sifuri. Lami ikawa kioo. Malori ya chumvi, ambayo jiji lisilozoea theluji huwa nayo machache, yakakwama ndani ya foleni ile ile. Trela zikateleza na kujikunja, zikaziba njia.

Tuangalie sasa alichokuwa nacho dereva. Kwenye barafu, tairi ina mshiko mdogo sana, na mshiko huo huo ndio unaogawanywa kati ya breki, usukani na mafuta. Ukiumaliza wote kwenye breki, usukani unabaki pambo: unakata kona, gari linakwenda mbele. Ndiyo maana mzoefu hupunguza mwendo mapema kwa gia, hugusa breki kabla ya kona, na gari likianza kuserereka nyuma huachia mafuta na kuelekeza usukani upande ambao sehemu ya nyuma inakimbilia. Penye mlima husubiri chini hadi aliyetangulia afike juu, kisha hupanda kwa mwendo mmoja bila kusimama, maana ukisimama katikati ya mlima tairi zitazunguka papo hapo.

Kila mbinu kati ya hizo inahitaji nafasi mbele yako, na foleni haiachi nafasi. Dereva wa Chicago mwenye miaka 30 ya theluji, ukimsimamisha katikati ya kilima nyuma ya trela iliyojikunja, naye atakwama.

Wiki mbili baadaye Atlanta ilijaribiwa tena, safari hii kwa mvua ya barafu iliyoangusha miti na nyaya za umeme. Gavana wa jimbo, Nathan Deal, alikuwa ametangaza hali ya dharura Februari 10, kabla dhoruba haijafika. Shule zilifungwa, watu wakabaki nyumbani, malori ya chumvi yakapita bila kizuizi. Madereva walikuwa wale wale, na tairi zao zile zile. Februari 12, kwenye barabara kuu zilizofurika magari mwezi uliotangulia, magari yalikuwa ya kuhesabika.