Kikombe cha China, Chai ya Kariakoo?

Katika uhakiki wetu umezoeleka mfano kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo. Makala haya mafupi yanaupinga mfano huo kwa ushahidi wa wasanii waliokwenda kusoma ng'ambo.

Mwaka 1965 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi. Waliporudi, mwaka 1969, kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi. Mtu wa kikombe atasema: haya, kikombe tumepata, sasa tutie chai yetu. Sivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya biashara vya Dar es Salaam, kama Muungano, vilionyesha sarakasi kwenye mabaa pamoja na ngoma, vichekesho na taarabu. Sarakasi ikawa kipande kati ya vipande, ikigombea macho ya watu na chupa ya bia. Watazamaji walikuwa wengine, na fani nayo ikageuka.

Wachina nao yaliwakuta hayohayo kwa piano, chombo cha wageni. Mwaka 1934, mjini Shanghai, Mrusi Alexander Tcherepnin aliandaa shindano la vipande vya piano vyenye sura ya Kichina. He Luting alishinda kwa kipande kuhusu filimbi ya kijana mchunga nyati. Hakumimina tu wimbo wa kwao ndani ya piano. Mikono miwili ya mpigaji inajibizana kama filimbi mbili. Hapo kikombe kiko wapi, na chai iko wapi?

Hata Kariakoo inatufundisha. Jina limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la soko, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Israel. Zege lake limetanda kama miavuli juu ya wauza nyanya. Kivuli kile ni fani au maudhui? Jaribu kuvitenga uone.

Kwa hiyo, mwanafunzi atakayepata nauli ya kwenda kuchunguza muziki wa kisasa wa piano wa China asituletee orodha ya vipande na picha za kumbi tu. Sisi wahakiki nasi tuache kumuuliza ameleta nini. Tumuulize: ulichojifunza kule, hapa kitageuzwa na nani, na kwa faida ya nani?