Kiraka Kinachonyamaza Mgonjwa Akizidiwa

Moyo unaovurugika mara kwa mara ndio unaohitaji kuangaliwa kwa karibu. Zio AT ilisanifiwa kinyume na hapo. Kiraka hicho cha kifuani, cha kampuni ya iRhythm ya San Francisco, kiliwekewa kikomo cha kutuma: matukio 500 kinayoyagundua chenyewe, na 100 ambayo mgonjwa anayabonyezea kitufe. Kikomo kikifikiwa, kiraka kinaendelea kurekodi lakini hakitumi tena. Mgonjwa bado kakivaa, nyumbani wanaamini analindwa, na daktari hapati kitu. Hilo ni kosa la usanifu, na sioni jina jingine la kulipa.

Tupige hesabu. Kiraka huvaliwa hadi siku 14. Matukio 500 yakigawanywa ni kama 36 kwa siku. Yale 100 ya kitufe ni kama 7. Mwenye moyo uliotulia hatafika huko. Lakini mchukue mwenye mpapatiko wa atria, vyumba vya juu vya moyo, unaokuja na kuondoka: unaanza baada ya chai, unakoma, unarudi akipanda ngazi, unakoma, unarudi tena usiku. Kila unaporudi unaweza kuhesabiwa kuwa tukio jipya, na kila tukio linamega fungu la kutuma. Tuseme fungu limekwisha siku ya tisa. Siku ya kumi moyo ukisimama sekunde sita, au ventrikali, chumba cha chini cha moyo, ikaanza kwenda mbio, habari hiyo inabaki ndani ya kiraka mpaka kibanduliwe na kurudishwa. Aliye mgonjwa zaidi ndiye anayenyamazishwa mapema zaidi.

Utetezi naujua: betri. Kurusha mawimbi ya umeme wa moyo (ECG) hadi kwenye kisanduku cha mtandao wa simu kunakula umeme zaidi kuliko kuyahifadhi. Sibishani na fizikia. Nabishana na mgao. Vipindi kumi vya mpapatiko uleule vingeweza kufungwa pamoja na kutumwa mara moja. Sehemu ya fungu ingeweza kutengwa kwa ajili ya yale yanayoua, yaani moyo kusimama na ventrikali kwenda mbio, isiguswe na jambo jingine. Na fungu likikaribia kwisha, daktari angepaswa kupigiwa kelele. Hata bando la bei ya chini kabisa hukutumia ujumbe kabla halijakata. Kwenye wodi, elektrodi ikibanduka tu mashine inalia, kwa sababu waliosanifu mashine za wodi walielewa zamani kwamba ukimya nao ni dalili.

Septemba 2022 kampuni iliwatumia wateja tahadhari kuhusu kikomo hicho. Tarehe 25 Mei 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaiandikia barua ya onyo: kifaa kilichoidhinishwa kwa wagonjwa wasio mahututi kilikuwa kikinadiwa kuwa kinafuatilia karibu na muda halisi, na kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa. Maneno “karibu na muda halisi” hayana kipimo. Niambie sekunde ngapi, au dakika ngapi, toka pigo lilipoharibika hadi mtu alipolisoma. Usipoweza kuniambia, usiyachapishe kwenye kijitabu.

Haki yao niwape: kiraka hakina nyaya, kinashika vizuri na rekodi yake inasomeka.

Lakini wazee wa fani hii hawakuacha pengo la namna hii. Mwaka 1905, mjini Leiden, Willem Einthoven alipitisha mawimbi ya moyo kwenye waya wa simu kutoka hospitalini hadi maabara yake, umbali wa kilomita 1.5; waya ukikatika, aliyekaa upande wa pili anajua papo hapo. Norman Holter wa Helena, Montana, alianza na mzigo wa kilo 38 hivi mgongoni ili moyo usikike kwa redio mtu akiwa anatembea. Alitaka kila pigo, na makala yake ya 1961 katika jarida la Science ilisimama juu ya shabaha hiyo. Vifaa vyao vilikuwa vizito, ila swali lao lilikuwa sahihi: anayesikiliza atajuaje kwamba hasikii tena?

Wanaonunua vifaa hivi kwa hospitali zetu waliulize swali hilo kabla ya kusaini. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitali ya Muhimbili akarudi Sumbawanga hana wodi ya kumlilia. Muuzaji aonyeshe mezani, kifaa kikiwa kimewashwa, kinachotokea fungu la kutuma likiisha, kisanduku kikizimika au mtandao ukipotea. Ikiwa skrini ya daktari haibadiliki ndani ya dakika chache, kifaa kirudishwe, hata kikiwa chepesi na cha bei nafuu.