Kidonge Kimoja Kimoja

Viwanda vya vidonge vya madini ya chuma, kama kile cha Sohar kule Oman kinachotumia madini ya Brazil, hutoa mzigo kwa mamilioni ya tani kila mwaka. Anayeusemea ubora wake ni mtu aliyeketi maabarani, mbele ya mashine ya kuponda.

Kazi huanza kabla ya tanuri. Kidonge kibichi, yaani unga wa madini ulioshikana kwa maji na udongo kidogo wa bentonaiti, hukiangusha juu ya bamba la chuma kutoka kimo cha sentimita 45. Hukiokota, hukikagua kama kimepata ufa, hukiangusha tena, huku akihesabu. Kikivuka mara nne hivi, kitastahimili safari ya mikanda hadi kwenye moto.

Vilivyokwisha kuchomwa kwa nyuzi 1,300 hivi ndivyo vinavyodai subira. Hukaushwa, vikachekechwa, vikabaki vya kipenyo cha milimita 10 hadi 12.5, ukubwa wa gololi. Kisha anachota bila kuchagua. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: mkono wa mtu hupenda kilicho laini, naye huchukua hata chenye kibonyeo.

Hukiweka kati ya mabamba mawili bapa, akakigeuza kwa koleo ndogo mpaka kitulie. Bamba la juu hushuka kwa mwendo usiobadilika, milimita 10 hadi 20 kwa dakika. Namba hupanda kwenye kioo: nyutoni 1,000, 2,000. Mara mlio mkavu, na namba huporomoka. Huandika kilele, hufagia chembe zote kwa brashi ili kijacho kisikae upande, kisha huweka kingine. Kiwango cha kimataifa kinataka visipungue 60. Kwa kasi ile, hakuna namna ya kuharakisha.

Wala haridhiki na wastani. Vidonge 60 vyaweza kufikia wastani wa nyutoni 2,500, kama uzito wa kilo 250 juu ya kila kimoja, na bado vikawamo kumi vilivyovunjika chini ya 1,500. Vilivyo kama hivyo kumi ndivyo vitakavyosagika katika tanuri la kuzalishia chuma na kuziba njia ya gesi. Kwa hiyo huvirudia vipande vya vidonge hivyo chini ya taa. Kama madini ni magnetaiti, kiini cheusi kilichosalia katikati humwonyesha kuwa oksijeni haikufika ndani, naye huwapigia simu watu wa tanuri la kuchomea vidonge.